Kuongeza RAM kwenye Dell PowerEdge T110 II: mwongozo kamili, kuanzia dukani hadi programu zako kuitumia

Maswali ninayopata kuhusu seva hii karibu yote yanafanana. RAM imenunuliwa, imechomekwa, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Au seva imewaka vizuri na GB 32 zinaonekana, lakini programu ya mauzo bado inasuasua vilevile kama jana. Tatizo la kwanza huanzia dukani, la pili hutokea kwa sababu kazi iliachwa katikati. Mwongozo huu unashughulikia yote mawili, na ukifuatwa kwa mpangilio kazi ya mikono yenyewe haizidi nusu saa.

Hakikisha kwanza mashine yako ni T110 II. T110 ya kwanza, isiyo na "II", inatumia prosesa za familia ya Xeon 3400 na kikomo chake ni GB 16. T110 II ina sloti nne, inapokea RAM ya DDR3 ya aina moja tu, na kikomo chake ni GB 32, yaani nne za GB 8. RAM za DDR3 za GB 16 zipo sokoni, lakini usizinunulie mashine hii, kwa kuwa kidhibiti cha kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa zake kinaishia GB 8 kwa sloti.

## Vifaa unavyohitaji

- RAM sahihi (soma Hatua ya 3 kabla ya kutoa pesa)
- Diski ya nje ya bakapu
- Flashi ya USB yenye Memtest86+ (programu ya kupima RAM)
- Brashi laini na kavu, kama ile ya kupakia rangi, ambayo haijawahi kutumika
- Spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi
- Mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli, kama unaupata
- Tochi, na simu ya kupiga picha
- UPS yenye chaji

Panga kazi ifanyike jioni au siku ambayo ofisi imefungwa. Ukijaribu kuifanya saa nne asubuhi huku wahasibu wamesimama mlangoni, utaharakisha mahali pasipofaa.

## Hatua ya 1: Thibitisha kwamba shida ni RAM

Kuna seva nyingi za namna hii ambazo diski ndiyo inayozichelewesha. Pima wakati watu wote wako kazini, mwisho wa mwezi ikiwezekana.

Kwenye Windows, fungua `resmon`, nenda sehemu ya Memory, uangalie mchoro wa Hard Faults/sec. Ukipanda mara mojamoja na kushuka, hiyo ni kawaida. Ukibaki juu dakika baada ya dakika huku kumbukumbu iliyotumika ikikaribia asilimia 90 na kuendelea, mashine inahamishia data kwenye diski kwa kukosa nafasi, na hapo RAM itasaidia kweli.

Kwenye Linux, andika `vmstat 5` na uangalie safu za `si` na `so`. Zikiwa sifuri muda wote, RAM inatosha na pesa yako ielekee kwenye SSD.

## Hatua ya 2: Jua kilichomo, na jua kikomo cha mfumo

Kwenye Windows Server, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike:

`wmic memorychip get devicelocator,capacity,speed,partnumber,totalwidth,datawidth`

Kila mstari ni RAM moja. Ukubwa huandikwa kwa baiti: 4294967296 ni GB 4, na 8589934592 ni GB 8. Kwenye Linux tumia `sudo dmidecode -t memory`. Piga picha majibu hayo, maana utayahitaji dukani. Upana wa 72 kwa jumla na 64 wa data unakuambia kwamba RAM iliyomo ni ya ECC (inayorekebisha makosa madogo yenyewe), kama inavyopaswa.

Kisha angalia toleo la Windows. Hapa watu wengi hupoteza pesa kwa sababu Microsoft imeweka vikomo ndani ya mfumo wenyewe:

- Windows Server 2008 R2 Foundation: GB 8
- Windows Server 2008 R2 Standard: GB 32
- Windows Small Business Server 2011 Standard: GB 32
- Windows Server 2012 Foundation: GB 32
- Windows Server 2012 Essentials: GB 64
- Mfumo wowote wa Server 2008 Standard wa biti 32: GB 4

Mwenye 2008 R2 Foundation akiweka GB 32, ataona 8 tu zikitumika. Na kwa kuwa tumeutaja mfumo huo: Microsoft iliacha kuutolea marekebisho ya usalama ya kawaida Januari 14, 2020, na 2012 R2 ikafuata Oktoba 10, 2023. Ikiwa seva yako imeunganishwa na intaneti na bado iko huko, bajeti ya mwaka huu ianzie kwenye mfumo, RAM ije baadaye.

Angalia pia hifadhidata. Mifumo mingi ya uhasibu na mauzo inakuja na SQL Server Express, toleo la bure la hifadhidata ya Microsoft. Matoleo ya Express ya 2008 R2, 2012 na 2014 hayatumii zaidi ya GB 1 kwa akiba ya data, hata ukijaza sloti zote. Ikiwa mzigo wote wa seva yako ni hifadhidata moja ya Express, RAM ya ziada itasaidia Windows na programu nyingine, ila hifadhidata yenyewe haitapata kitu.

## Hatua ya 3: Nunua RAM sahihi

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu skrini nyeusi nyingi zinatokana na hatua hii.

T110 II inataka DDR3 ECC isiyo na rejista (chipu ya ziada inayokaa kati ya kidhibiti cha kumbukumbu na chipu za kumbukumbu). Madukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, ukiomba "RAM ya seva ya DDR3" kuna uwezekano mkubwa utapewa yenye rejista. Muuzaji hajakudanganya. Hiyo pia ni RAM ya seva, tena ya ECC, lakini ya seva kubwa. Imejaa sokoni kwa sababu seva za namna hiyo zinaondolewa kwenye vituo vya data kwa wingi, ndiyo maana bei yake huwa ya chini. Inaingia kwenye sloti bila shida yoyote, pini ni 240 zilezile, tundu la kwenye ukingo wa pini liko palepale, vishikizo vinajifunga. Mashine haiwaki. Bei ndogo isiyoeleweka ni dalili ya kwanza ya kusimama na kusoma lebo.

Herufi ya mwisho kwenye lebo. Tafuta maandishi yanayoanza na PC3 au PC3L:

- `8GB 2Rx8 PC3L-12800E`: hii ndiyo. E ni ECC isiyo na rejista.
- `8GB 1Rx4 PC3L-12800R`: R ina rejista. Irudishe.
- `8GB 2Rx8 PC3-12800U`: U ni ya kompyuta ya kawaida ya mezani, haina ECC. Irudishe.

Tazama pia `x8` na `x4`. Ukiona `x4`, karibu kila mara ni yenye rejista.

Namba ya bidhaa. Lebo ikiwa imechanika au imefifia, namba ya bidhaa itakuokoa:

- Samsung: M391 ni sahihi. M393 ina rejista. M378 haina ECC.
- Hynix ya GB 8: HMT41GU7 ni sahihi. HMT41GR7 ina rejista. HMT41GU6 haina ECC.
- Micron: namba yenye 72AZ ni sahihi. Yenye 72PZ ina rejista.
- Kingston: KVR16E11 au KVR16LE11 ni sahihi. KVR16R11 ina rejista.
- Crucial ya GB 8: CT102472BD160B ni sahihi.

Chipu zenyewe. Ishike RAM kwenye mwanga. Ya GB 8 iliyo sahihi ina chipu nyeusi tisa kila upande, kumi na nane kwa jumla. Ya kompyuta ya kawaida ina nane kila upande. Lakini kuhesabu tu hakutoshi, kwani yenye rejista nayo inaweza kuwa na kumi na nane. Tofauti iko katikati: yenye rejista ina chipu nyingine ya umbo tofauti, iliyokaa katikati ya ubao kati ya makundi mawili ya chipu za kumbukumbu. Hiyo ndiyo rejista. Ukiiona, usinunue.

Kuhusu kasi: prosesa za Xeon E3-1200 za toleo la kwanza zinaendesha RAM kwa 1333, ambayo kwenye lebo ni 10600. Za v2 zinafika 1600, yaani 12800. RAM ya 12800 kwenye prosesa ya zamani itashuka yenyewe hadi 1333 bila madhara. PC3L ni ya volti 1.35 lakini imeundwa kufanya kazi hata kwa 1.5, hivyo nayo inafaa.

Nunua kwa jozi, mbili zinazofanana kila kitu. Mashine ina chaneli mbili za kumbukumbu, na zikiwa na ukubwa sawa prosesa inasoma zote kwa pamoja. Ukiwa na mbili za GB 4 na huna bajeti ya kujaza GB 32, ongeza mbili za GB 8 upate 24. Mchanganyiko huo unafanya kazi vizuri.

Na kishawishi cha kuchanganya RAM ya ECC na isiyo ya ECC uachane nacho kabisa. Dell haiukubali mchanganyiko huo kwenye mashine hii. ECC hurekebisha kosa la biti moja papo hapo na kugundua la biti mbili, na seva inayobeba vitabu vya hesabu vya biashara inastahili ulinzi huo.

Kabla ya kuondoka dukani piga picha ya lebo ya kila RAM, na risiti iandikwe kwamba unaweza kuirudisha isipokubali. RAM nyingi za DDR3 zinazouzwa sasa zimeshatumika, hakuna ubaya, mradi muuzaji anakubali zipimwe.

## Hatua ya 4: Bakapu, kisha BIOS

Chukua bakapu kamili kwenye diski ya nje, halafu fungua faili mbili tatu kutoka kwenye bakapu hiyo uone kama kweli zinafunguka. Chomoa diski hiyo na uiweke mbali na meza ya kazi.

Ingiza namba ya Service Tag, iliyo kwenye stika ya kasha, katika tovuti ya Dell, na upakue toleo la mwisho la BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha mashine). Lisakinishe ukiwa bado na RAM ya zamani, kwa sababu ukifanya mabadiliko mawili kwa pamoja hutajua lipi limeleta shida.

Onyo: umeme ukikatika katikati ya kubadilisha BIOS, ubao mama unaweza kufa moja kwa moja. Seva iwe kwenye UPS yenye chaji kamili. Ikiwa UPS yako hupiga kelele na kuzima baada ya dakika mbili, acha BIOS ilivyo.

Umefanikiwa ikiwa seva imewaka, toleo jipya linaonekana kwenye skrini ya mwanzo, na programu zote zinafunguka.

## Hatua ya 5: Zima, fungua, safisha

Zima kupitia mfumo wenyewe. Chomoa waya wa umeme, kisha zote zilizobaki, waya wa mtandao pia. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki ndani uishe. Waya wa umeme ukibaki umechomekwa, sehemu ya ubao inaendelea kupata umeme hata taa zote zikiwa zimezimika, na kuchomeka RAM katika hali hiyo kunaweza kuiunguza.

Laza seva ubavu na uondoe kifuniko. Upande wa ndani wa kifuniko kuna mchoro wa ubao mama wenye namba za sloti. Upige picha sasa hivi.

Vaa mkanda wa mkononi na uubane kwenye chuma cha kasha. Kama huna, gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kila mara unaposhika RAM, na usifanye kazi umesimama juu ya zulia. Mikoa yenye hewa kavu, kama Dodoma, inahitaji uangalifu zaidi kuliko pwani.

Vumbi sasa. Seva iliyokaa miaka chini ya dawati la mapokezi huwa na tabaka nene kwenye feni na kwenye sloti tupu. Lisugue taratibu kwa brashi kavu, ukianzia juu kwenda chini. Shikilia feni kwa kidole isizunguke. Sloti tupu zisafishe kabla ya kuchomeka chochote, kwani vumbi likisukumwa chini na RAM hukaa kati ya pini na ndiyo asili ya zile hitilafu zinazokuja na kuondoka.

Angalia usiguse nyaya za diski. Ukizilegeza, RAID (mfumo unaounganisha diski kadhaa) itakuambia diski moja imeharibika, na utatumia usiku kutafuta kosa lisilohusiana na RAM.

## Hatua ya 6: Panga na uchomeke

Sloti ni A1 hadi A4. Sloti ya kwanza ya kila chaneli ina vishikizo vyeupe, na hizo ndizo zinazojazwa kwanza.

- RAM mbili tu: ziweke kwenye sloti zenye vishikizo vyeupe.
- RAM nne zinazofanana: jaza zote.
- Jozi mbili za ukubwa tofauti: jozi kubwa kwenye vishikizo vyeupe, jozi ndogo kwenye zilizobaki.

Kuondoa ya zamani, bonyeza vishikizo vya pande zote mbili kuelekea nje. RAM itainuka yenyewe. Ishike kwa kingo, usiguse safu ya dhahabu.

Kuingiza mpya, fungua vishikizo kabisa. Linganisha tundu la RAM na kijino kilicho ndani ya sloti. Tundu haliko katikati kabisa, hivyo RAM inakubali upande mmoja tu. Isimamishe wima, weka dole gumba kila mwisho, kisha sukuma pande zote mbili kwa nguvu sawa hadi vishikizo viinuke vyenyewe na kubana. Inahitaji nguvu kuliko wengi wanavyotegemea, na ubao utapinda kidogo chini ya mkono. Ikikataa kabisa, itoe uangalie mwelekeo upya.

Sasa inama, mulika kwa tochi, utazame kutoka ubavuni. Kingo za juu za RAM zote ziwe kimo kimoja, na ncha ya kila kishikizo iwe imeingia kwenye pengo la ubavu wa RAM. Iliyokaa upande mmoja juu kwa milimita moja inatosha kuizuia mashine kuwaka.

## Hatua ya 7: Kuwasha mara ya kwanza

Rudisha kifuniko, kwa kuwa mkondo wa hewa unategemea kasha lililofungwa. Chomeka skrini, kibodi na umeme tu, kisha washa.

Skrini inaweza kukaa nyeusi kwa muda mrefu kuliko kawaida wakati mashine inaitambua RAM mpya. Ipe dakika tatu kamili kabla ya kugusa kitufe. Kisha utaona ujumbe "The amount of system memory has changed". Huo ndio ujumbe unaoutaka. Bonyeza F2, ingia kwenye Memory Settings, uhakikishe ukubwa na kasi ni vile ulivyotarajia, uhifadhi na kutoka.

### Ikibaki nyeusi

Zima, chomoa umeme, toa RAM zote. Rudisha moja ya zamani, ile unayojua inafanya kazi, kwenye A1.

Ikiwaka, ubao ni mzima. Toa hiyo, weka moja mpya peke yake palepale A1. Jaribu zile mpya zote, moja baada ya nyingine. Zikikataa zote, umepewa aina isiyo sahihi: soma tena lebo, utakuta R. Ikikataa moja tu, futa dhahabu yake kwa kitambaa chenye spiriti, iache ikauke, jaribu tena. Ikikataa tena, ni mbovu.

Kama hata ya zamani haiwashi, ichomeke upya kwa nguvu zaidi, kisha kagua nyaya za umeme za ubao mama kama hukuzilegeza.

## Hatua ya 8: Pima usiku kucha

Kuonekana kwa GB 32 kwenye BIOS hakuthibitishi kwamba kila seli ni nzima, hasa kwa RAM iliyokwisha kutumika. Washa kwa flashi ya Memtest86+ na uiache hadi asubuhi. Unataka mizunguko isiyopungua miwili yenye makosa sifuri. Kosa hata moja ni sababu ya kurudisha. Hifadhidata inayoandikwa kupitia RAM mbovu huharibika kimyakimya, na bakapu za baadaye hubeba uharibifu huohuo.

## Hatua ya 9: Igawe RAM, la sivyo itakaa bure

Hapa ndipo wengi huishia kabla ya kufika, kisha wanalalamika kwamba seva haijabadilika. Programu nyingi za seva hutumia kiasi zilichoambiwa zitumie, hata kukiwa na nafasi tele.

MySQL na MariaDB: akiba ya InnoDB (sehemu yake ya kuhifadhi data) huja ikiwa MB 128 tu. Kwenye faili la mipangilio weka, kwa seva ya GB 32 yenye kazi nyingine pia, `innodb_buffer_pool_size = 12G`, kisha uwashe upya huduma. Badiliko hili moja huonekana siku ileile.

PostgreSQL: `shared_buffers` nayo huanza na MB 128. Robo ya RAM ni mwanzo mzuri.

SQL Server kamili: hii ina tabia ya kinyume. Isipowekewa mpaka huchukua karibu yote na kuinyima Windows hewa. Weka "max server memory" kwenye MB 24576 ikiwa una GB 32.

Hyper-V (huduma ya Windows ya kuendesha mashine pepe): kila mashine ya ndani ina kiwango chake. Kipandishe mwenyewe, ukiiachia seva mama angalau GB 4.

Faili ya kubadilishana ya Windows: 2008 R2 ikiachiwa kujipangia huikuza kufuatana na RAM. Diski C yenye GB 20 zilizobaki inaweza kujaa ghafla. Angalia nafasi kabla na baada, na uweke ukubwa maalumu ikibidi.

Windows ikionyesha RAM pungufu kuliko BIOS, fungua `msconfig`, sehemu ya Boot, Advanced options, uhakikishe kisanduku cha Maximum memory hakijawekwa alama. Kikiwa sawa, rudi kwenye vikomo vya Hatua ya 2.

Rudia kipimo cha Hatua ya 1 siku ya kazi. Hard Faults zikae karibu na sifuri muda mwingi, au `si` na `so` zibaki sifuri. Baada ya wiki moja fungua Event Viewer utafute maonyo ya WHEA-Logger (taarifa za Windows za hitilafu za vifaa), au kwenye Linux andika `grep . /sys/devices/system/edac/mc/mc*/ce_count`. Namba ikiongezeka siku hadi siku, ECC inarekebisha makosa ya RAM inayoelekea kufa, na risiti yako bado iko ndani ya muda wa kurudisha. RAM za zamani zifunge kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, andika juu yake ukubwa na tarehe ya kuzitoa, na uziweke kwenye droo ileile yenye funguo za seva.